Mwalimu Aliyetuandika Tukiwa Hai

Kwa miaka miwili na ushee, mimi mtu mzima mwenye ndevu zangu na karakana ya kuchomelea mageti pale Visiga, niliamini kwa moyo wote kwamba Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alikuwa ameshaandika wasifu wa marehemu wa kila mtu aliye hai, kuanzia Kongowe mpaka Mlandizi. Kila mtu. Mzima, mgonjwa, aliyeoa jana. Kurasa hizo, kwa mujibu wa taarifa tulizokuwa nazo, zilikaa kwenye sanduku la bati la bluu chini ya meza yake, zimekamilika kila kitu isipokuwa nukta ya mwisho. Siku Mwalimu akiweka nukta yako, hata kama uko juu ya paa unapigilia bati, utasikia kizunguzungu kidogo tu, na kufikia jioni watu wanashusha turubai na viti vya kukodi nyumbani kwako.

Usicheke kabla hujasikia ushahidi.

Ushahidi aliuleta Bosco, bodaboda wa Mlandizi niliyekaa naye dawati moja. Bosco alimpeleka Mwalimu kwa mzee mmoja wa Kongowe, fundi cherehani, akamsubiri nje. Kupitia dirishani akamwona Mwalimu amefungua daftari, anamwambia yule mzee, "Hebu simama. Tembea mpaka mlangoni. Rudi." Mzee akatembea, akarudi. Mwalimu akaandika. "Sasa kohoa." Mzee akakohoa. Mwalimu akaandika. Baada ya siku tisa tukamzika yule mzee, na aliyesimama kusoma wasifu wake alikuwa nani? Mwalimu. Na ndani ya wasifu kulikuwa na nini? Mwendo na kikohozi!

"Fundi," Bosco aliniambia, macho yamemtoka kama taa za Fuso, "nimeona mwenyewe. Alimpima kama suti."

Mwenye akili ataniuliza: huyo mzee si alikuwa anaumwa? Alikuwa anaumwa, ndiyo, tena miezi mingi, na Mwalimu alikwenda kumjulia hali. Lakini mtu akishaingiwa na hofu, akili yake huchukua likizo bila malipo.

Sitasema Mwalimu alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Yeye mwenyewe angeipiga mstari sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Ndiye aliyekuwa akiandika na kusoma wasifu kwenye misiba ya usharika wetu, na hata wenzetu Wakatoliki wa ng'ambo ya barabara walikuwa wakimwazima. Nyote mnajua wasifu wa marehemu unavyokuwa. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaoa, akajaliwa watoto kadhaa, akaanza kusumbuliwa na presha, mpaka mauti yalipomfika. Ukibadilisha jina tu unaweza kumzika mtu mwingine kwa karatasi ileile. Mwalimu alikuwa hataki. Ndugu wa marehemu wakimletea karatasi yao ataisoma, ataikunja, ataitia mfukoni, halafu atauliza:

"Sawa. Sasa niambieni. Alipokuwa anakuja, mlijuaje kwamba ni yeye kabla hajafika?"

Swali hilo liliwachanganya wafiwa. Mtu amekaa analia, wewe unamuuliza mambo ya kuja? Lakini taratibu mmoja angesema, "Alikuwa anaburuza ndala ya kushoto." Mwingine angesema, "Alikuwa na wimbo mmoja, ubeti wa pili hajui." Hapo ndipo Mwalimu alipofungua kalamu.

Kuna mama aliyekuwa akiuza vitumbua pale kituoni Visiga. Alipofariki, Mwalimu alisimama makaburini, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi wa kushonea viatu, akasoma: "Marehemu hakuwahi kumuuliza mteja anataka vitumbua vingapi. Alikuwa anakutazama tumbo, anakufungia. Na hakuwahi kukosea." Tulikuwa watu elfu kumi pale. Haya, mia mbili. Tukaangua kicheko kimoja, mbele ya jeneza, mchana kweupe. Kisha kicheko kikageuka katikati ya safari, na mchungaji mwenyewe nilimwona anapapasa mifuko akitafuta leso. Leo sikumbuki yule mama aliacha watoto wangapi, lakini kila nikipita pale kituoni nabana tumbo.

Si wote walimpenda kwa hilo. Kuna familia iliyokasirika mpaka ikaenda kumsemea kwa wazee wa kanisa. Baba yao alikuwa mkali. Mpira wa watoto ukiangukia uani kwake, haurudi. Yeye alipofariki watoto wake walitaka iandikwe kwamba alipenda watoto. Mwalimu akaandika kwamba kwenye stoo ya marehemu ilikutwa mipira thelathini na mmoja, yote imeoshwa na kujazwa upepo. Akasoma hivyo, akakunja karatasi, akakaa. Sisi tukabaki tunatazamana. Amemsema vibaya au vizuri? Mtu anayenyang'anya mpira halafu anauosha na kuujaza upepo, ni mtu wa namna gani huyo? Nimeligeuza swali hilo mara elfu na bado sina jibu. Ila yule mzee namkumbuka mpaka rangi ya geti lake, wakati wale marehemu wote waliopenda watoto wameniponyoka, sijui hata nilikula wali wa msiba wa nani.

Darasani ndiyo ilikuwa zaidi. Tulisomea kwenye shule ya msingi: watoto wakishatoka, sisi watu wazima tunaingia kwenye madawati yao, magoti yanatugusa kidevu. Fundi, bodaboda, mama wa genge, mlinzi, kila mmoja anakitafuta cheti cha kidato cha nne kilichomkimbia ujanani. Mwalimu alitufundisha Kiswahili, na ilipofika mada ya wahusika wa hadithi, huyo mtu alikuwa anawaka. Mambo ya mtiririko wa matukio aliyapita haraka kama anavuka barabara ya Morogoro.

"Tukio likisahaulika, mtu atabaki," alisema. "Lakini mtu akisahaulika, tukio litamkalia nani?"

Zoezi lake lilikuwa moja miaka yote: andika mtu bila kumtaja jina, wenzako wamtambue. Insha yangu ya kwanza ilimhusu mama yangu. Nikaandika kwamba ni mpole, mcheshi, mwenye upendo na huruma isiyo kifani. Nikajiona nimemaliza kazi. Mwalimu akaisoma kwa sauti, akaishusha.

"Huyu ni mama wa nani?"

"Wangu, Mwalimu."

"Wiki hii nimeletewa mama kumi na wanne wa aina hii. Wote wana huruma, hakuna hata mmoja mwenye miguu. Huyu wako akisimama pale mlangoni sasa hivi, nitamjuaje?"

Nikakuna kichwa. Halafu nikasema tu, bila kufikiri, kwamba mama yangu akipika wali ni lazima azime redio, kwa kuwa anaamini redio ikiongea wali unabaki na kiini.

Darasa likacheka. Mama wa genge akadakia, "Kumbe! Na wangu ndiyo maana."

Mwalimu hakucheka. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akaninyooshea kalamu. "Huyo sasa, hata nikimkuta sokoni anazima redio ya mtu, nitamsalimia."

Nilidhani ni namna yake ya kusifu.

Tangu siku hiyo nimesoma hadithi nyingi, na mimi mwenyewe naandika zangu ndogondogo karakanani umeme ukikatika. Nimegundua kwamba nyingi sikumbuki ziliishaje. Nani alirithi, nani aliolewa, muuaji alikuwa nani: vyote vimekwenda na maji. Wanaobaki ni wale watu wenye ndala zao za kushoto. Hao hawaondoki. Wanakuja kukaa na wewe unapokula, na ukiwauliza hadithi yao ilikuwa inahusu nini, nao hawajui.

Sasa nikueleze kinachonichanganya. Mtu huyuhuyu, aliyejua watu kwa kikohozi na kwa wali, njiani alikuwa hamsalimii mtu. Anapita na mwavuli wake uliokunjwa, naye ni mrefu kiasi kwamba mvua ilimfikia yeye kwanza ndipo ikashuka kwetu. Wewe unampungia mkono, umetoa meno yote thelathini na mawili, yeye anakupita kama amepita kibao cha barabarani. Watu wakasema anaringa. Lakini ukifungua mdomo tu, "Shikamoo Mwalimu," anasimama palepale, uso unafunguka kama dirisha: "Marahaba! Bosco! Kile kifua kimepona?" Anaringa, haringi? Tuliligawanya darasa nusu kwa nusu juu ya jambo hilo na hatukupatana.

Kwenye harusi moja ya usharika alimpa mkono wa pongezi mpiga picha, kwa kuwa alikuwa amevaa suti, akamwombea na baraka za uzao. Ukumbi mzima ukacheka. Naye akacheka. Tukasema Mwalimu ana utani wa kisomi.

Mkewe, Mungu amrehemu, kila alipotoka nyumbani alivaa kilemba cha njano. Kanisani cha njano, sokoni cha njano, msibani cha njano. Kina mama wa jumuiya wakasema Mwalimu ni bahili, hamnunulii mkewe kilemba cha pili. Bahili? Mtu aliyekuwa akija darasani na mihogo ya kukaanga kwenye gazeti, akila kipande kimoja na kusema ameshiba, ili sisi tumalize?

Na darasani hakutaka kabisa mtu ahame mahali pake. Jioni moja mimi na Bosco tukabadilishana makusudi, yeye upande wangu wa dawati, mimi upande wake. Mwalimu akaingia, akanitazama mimi, akasema, "Bosco, abiria walikuwepo leo?" Nikaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Akaendelea: "Na tairi ya nyuma umebadilisha?" Kicheko kikanishinda, nikajibu kwamba bado, nasubiri hela. Mwalimu akaganda. Chaki ikamdondoka.

"Rudini mahali penu," akasema.

Hakupiga kelele, lakini ukali ule hatujawahi kuusikia kwake, kabla wala baadaye. Mtu anayempa mpiga picha baraka za uzao anashindwaje kuvumilia utani mdogo wa dawati? Bosco alinikanyaga mguu. "Umeona? Tumemvurugia orodha."

Orodha. Basi kila jambo la Mwalimu lilirudi kwenye sanduku.

Ikafika zamu yangu. Ilikuwa jioni ya Alhamisi, nawasimulia wenzangu kuhusu geti nililomtengenezea tajiri mmoja wa Mlandizi, zito kiasi kwamba kulifungua iliitwa trekta. Mwalimu akaacha kusahihisha. Akanitazama. Akavuta lile daftari la jalada gumu, sio la mahudhurio, lile jingine. Akaandika mstari. Akanitazama tena, nikicheka. Akaandika wa pili. Kisha, naapa, niliona kwa macho yangu kalamu ikigonga karatasi mara moja, tap.

Nukta!

Kesho yake alfajiri nilikuwa njiani kwenda Kisarawe, kwa shangazi. Mantiki yangu ilikuwa rahisi: habari ilisema kuanzia Kongowe mpaka Mlandizi. Kisarawe ni wilaya nyingine. Mwalimu hakuwa na mamlaka huko.

Shangazi alinipokea mlangoni kwa mikono kiunoni. "Umekuja kufanya nini?"

"Kukusaidia kuchimba mihogo, shangazi."

"Mihogo gani? Nimepanda juzi. Umeua mtu?"

"Hapana, shangazi."

"Umempa binti wa watu mimba?"

"Hapana."

"Haya, ingia ule. Utasema ukishiba."

Nilishiba wiki mbili na sikusema. Kila nikisimama haraka na kusikia kizunguzungu, nashika ukuta na kuanza kusali. Mwisho nikaona sifi, na kazi za watu zinanisubiri, nikarudi. Mwalimu alinipokea kwa maneno machache: "Dawati la pili lilikuwa kimya mno." Hakuuliza nilikuwa wapi. Bosco yeye alilichunguza suala langu kitaalamu, akatoa uamuzi kwamba nukta haishiki nje ya wilaya.

Lakini kuna kitu kilikuwa kimebadilika ndani yangu, nacho sikumwambia Bosco. Hofu iliondoka, ikaacha hamu. Nilitaka kujua ameandika nini. Mtu aliyeweza kumwona mama mzima ndani ya redio iliyozimwa, mimi aliona nini kwangu? Nilikuwa fundi tu. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitano, nyumbani naitwa yule aliyeshindwa. Kama Mwalimu ameniandika, basi mimi ni mtu wa kuandikwa. Nilitaka kuwa kwenye lile sanduku kuliko nilivyotaka cheti.

Cheti nikakipata. Si kwa kishindo kile ninachowasimulia wateja, lakini nilifaulu. Siku matokeo yalipotoka nilinyoa ndevu zote, nikavaa shati jeupe na suruali ya kitambaa, nikaenda Mlandizi. Nilijua kila Jumamosi Mwalimu hununua perege wa Ruvu pale sokoni. Nikamkuta kweli, ameinama anachagua samaki. Nilitaka iwe kama zawadi: nisimame mbele yake bila kusema neno, aone mwenyewe mwanafunzi wake alivyong'ara. Nikasimama. Nikatabasamu. Karatasi ya matokeo nimeishika kifuani kama kitambulisho.

Mwalimu akainua macho. Akanitazama sawasawa, uso kwa uso, kwa urefu wa sala nzima ya Baba Yetu. Kisha akasema kwa upole kabisa:

"Samahani ndugu yangu, nipishe kidogo nipite."

Nikampisha.

Cheche za moto zimewahi kuniingia mpaka ndani ya soksi. Hakuna hata moja iliyoniunguza kama hilo "ndugu yangu". Nilirudi Visiga nikiwa nimefaulu kwa wote na kufeli kwa mmoja. Nikasema basi, nimeelewa: aliniandika, akanifunga, kwake nimeshakuwa marehemu. Nukta ilifanya kazi hata hivyo. Sikumtembelea tena. Nikimwona kwa mbali na mwavuli wake, navuka barabara.

Mkewe alipofariki nilikwenda msibani, nikakaa nyuma kabisa. Wasifu aliusoma mwenyewe, na ulikuwa mfupi kuliko wote aliopata kusoma. "Miaka yote, kila alipoingia mahali nilipo, aliniita kwanza. Hata tukiwa wawili tu ndani ya nyumba. Sikuwahi kuhangaika kumtafuta." Akakaa. Watu wakaulizana kwa macho. Ni mke gani anayetafutwa ndani ya nyumba yake mwenyewe? Baada ya arobaini binti yake akaja akamchukua, na sanduku lile nikaliona kwa macho yangu likipakiwa kwenye Canter.

Ikapita miaka sita tangu ile siku ya samaki. Mwaka jana shangazi akanipigia simu.

"Kuna mwalimu wenu huku, mrefu, kwa binti yake, nyumba ya tatu kutoka kwangu; binti kaniambia alifundisha Visiga. Kila nikimpita hanisalimii. Huko kwenu Kibaha mnafundishwa na watu wa namna gani?"

Kisha nikanunua sukari kilo mbili na sabuni ya mche, nikafunga karakana, nikapitia Gongo la Mboto na Pugu mpaka Kisarawe, njia nzima nikijisomea hotuba. Ilikuwa hotuba kali. Ilianza na "Mwalimu, mimi si kibao cha barabarani" na iliishia na swali moja: uliponitazama siku ile, ulinijua au hukunijua?

Binti yake, Dada Neema, ndiye aliyenifungulia. Alikuwa amevaa kilemba cha njano. Akaniongoza barazani na kusema, kabla hatujafika, "Baba, ni mimi Neema. Nina mgeni." Mwalimu alikuwa kwenye kiti, ungo mapajani, anamenya karanga. Alikuwa amepungua, lakini si kwa urefu.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema, kwa sauti niliyoiazima mahakamani.

"Marahaba. Karibu, mgeni wetu. Umetokea wapi?"

Mgeni! Hotuba yote ikanikauka mdomoni. "Visiga," nikasema.

Mikono yake ikasimama juu ya karanga. "Visiga! Nimefundisha Visiga mimi. Unamjua fundi mmoja wa mageti pale, karibu na kituo?"

Nilimtazama. Hakuwa na dalili ya utani hata kidogo.

"Namsikia," nikajibu.

"Hajambo?"

"Hajambo."

"Mwanafunzi wangu huyo." Akatikisa kichwa, akizitabasamia karanga zake. "Mwongo mkubwa. Lakini mwongo wa haki. Ukimpa mchicha anakurudishia msitu, na ukiingia ndani ya huo msitu, mchicha wako unaukuta. Kicheko chake kinatangulia, yeye anafuata nyuma, kama honi ya treni. Hata msiba akiusimulia anaanza kwa kucheka, na bado unalia. Nimefundisha watu wengi, lakini mwenye watu kichwani alikuwa yeye." Akamenya moja, hakuila. "Alifaulu, unajua? Hakuja kuniambia. Niliambiwa na watu. Nikamsubiri, nikamsubiri, nikasema labda kuna mahali nilimkosea. Ukimwona mwambie tu, Mwalimu anauliza."

Nilitaka kulia, na nusu ya machozi yalikuwa yameshafika. Lakini mimi nikichanganyikiwa kuna kitu kimoja tu kinachonitoka. Kikanitoka: kile kicheko changu cha kijinga, kirefu, cha kupasua baraza.

Ungo ukateleza. Karanga zikatawanyika sakafuni.

"Fundi?"

"Naam, Mwalimu."

"Umekaa hapo muda wote huu unanisikiliza ninavyokusema?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Shetani wewe!" Akaunyakua mkono wangu wa kulia kwa mikono yake miwili, akapapasa makovu ya moto kiganjani, moja baada ya jingine, kama anayesoma. "Na ndevu umezipeleka wapi?"

"Nilizinyoa siku ya matokeo. Nilikuja Mlandizi, Mwalimu, kwenye samaki. Nikasimama mbele yako. Ukaniambia nikupishe."

Mkono hakuuachia.

"Ulisema nini?"

"Sikusema kitu. Nilitabasamu."

"Ulitabasamu," akarudia taratibu. Akatazama pembeni, kule mikoroshoni. "Fundi, watu wote wanatabasamu." Kisha akainua sauti: "Neema! Leta chai! Fundi amefika!" Kana kwamba nimeshuka kwenye gari dakika ileile.

Tukanywa chai, nikamsimulia geti la trekta upya, safari hii matrekta mawili. Alicheka mpaka miwani ikakatika uzi. Swali langu lilikuwa limejibiwa, nami sikuwa nimeelewa jibu. Alinijua mpaka mchicha, na nilipokaa mbele yake akaniita mgeni. Nilipoaga nilikuwa na furaha tele na kichwa kimevurugika kuliko nilivyokuja.

Dada Neema akanisindikiza mpaka kwenye bodaboda. Tulikuwa tunashuka kilima polepole, nikajikaza.

"Dada, nina swali la kijinga. Lile sanduku la bluu, la wasifu wetu. Bado analo?"

"Wasifu gani?"

Nikamweleza yote. Fundi cherehani aliyepimwa kama suti, nukta, Bosco na orodha yake, wiki mbili za mihogo isiyokuwepo. Nilitegemea acheke. Akasimama katikati ya njia, akanitazama kama mtu anayeamua jambo.

"Kaka, mle hamna wasifu wa marehemu. Baba hajui sura za watu. Si uzee, yuko hivyo tangu utotoni. Pua anaiona, macho anayaona, ila havimwambii ni nani. Mimi mwenyewe nisipomwita hanijui, na alikuwa anaona aibu kuwaambia. Kwa hiyo aliwaandika mnavyotembea, mnavyokohoa na mnavyocheka, na kila siku kabla ya kuja darasani aliwasoma wote, ili mkimsalimia awaitikie kwa majina yenu."